Pai ya Matobolwa na Kopo la Samli

Hadi leo mtu akiniambia kwamba kitu kidogo hakidhuru, damu inanichemka. Nimeambiwa hivyo na mama mkwe, na wifi, na majirani, na mwalimu wa chekechea, hata na mwanamke mmoja nisiyemjua ndani ya basi la Kahama, ambaye alimwona binti yangu akikataa biskuti akaamua kwamba mimi ni mama katili. Nilimjibu mwanamke yule jibu ambalo siwezi kuliandika hapa. Abiria wa mbele waligeuka.

Binti yangu alikuwa hawezi maziwa. Sisemi hapendi, nasema hawezi. Akilamba hata tone, midomo inavimba, ngozi inatoka mapele makubwa, na pumzi inaanza kuvuta kwa mlio. Na hiyo miaka ya tisini tulikuwa tunaishi Geita, nikiwa nimeolewa na Msukuma, katika ukoo ambao mtu hukuuliza habari za ng'ombe kabla hajakuuliza habari za watoto.

Mimi sikukulia kwenye ng'ombe. Nimezaliwa Mwadui, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa almasi. Baba yangu alitoka Kigoma kufuata kazi, akaendesha mitambo mpaka akastaafu. Nyumba zetu zilikuwa na umeme, na mama alikuwa na jiko lenye oveni ambayo mlango wake haufungi vizuri, akawa anaukaza kwa kipande cha mti. Humo ndimo alimookea pai: za papai bichi, za boga, za embe wakati wa maembe, na zote zilitiwa mdalasini, kwa sababu alishikilia kwamba kitu kitamu kisicho na mdalasini ni chakula cha mgonjwa. Nikaolewa na kijana ambaye kwao ni upande wa Kharumwa. Tukahamia Geita mjini, akafungua duka la vifaa vya wachimbaji: sururu, nyundo, moko za kutobolea mwamba, kamba na tochi. Vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye kopo la chumvi, lakini nilikuwa na raha. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba sikuingia kwenye ndoa na hasira zangu mkononi.

Mtoto alipoachishwa ziwa, mama mkwe alimpa maziwa ya ng'ombe wa babu yake, kwa mkono wake mwenyewe, kwa furaha kabisa. Kabla jua halijasogea, sura ya mtoto ilikuwa imevimba hata macho hayaonekani. Tulimkimbiza hospitali. Daktari alikuwa kijana aliyechoka lakini alitueleza polepole: maziwa ya ng'ombe na kila kitokanacho nayo, marufuku. Mume wangu ndiye aliyeuliza, "Na samli?" Daktari akamjibu, "Hasa hiyo ya kienyeji. Safari hii mmemuwahi. Msimjaribu tena."

Tukarudi tukawaeleza kwao. Mama mkwe alilia, na machozi yake niliyaamini. Wifi yangu hakulia. Yeye ndiye dada mkubwa, aliyembeba mume wangu mgongoni akiwa mchanga, na neno lake katika nyumba ile lilikuwa zito kuliko la wanaume wengine. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Sasa huyu tutasema ni mtoto wa nani?" aliuliza. "Ng'ombe za babu yake atazifanyia nini, atakuwa anaziangalia tu?"

Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka.

Hapo ndipo vita ilipoanzia. Kila tulipokwenda kwao, mtu alimjaribu mtoto. Uji ulitiwa maziwa "ya kufuta rangi tu". Viazi vilipondwa na mtindi, nikaambiwa mtindi si maziwa kwa sababu umeshalala. Mtoto akitapika, waliangaliana kana kwamba mimi ndiye niliyemtia kidole kooni. Nimemzoesha vibaya. Nimeleta ugonjwa wa mgodini. Wifi alikuwa na maelezo yake, kwamba tumbo la mtoto ni la kufundishwa kama ndama anavyofundishwa kamba, avute, alie, mwisho atazoea. Nilimwambia ndama akikosea anaanguka, huyu akikosea nazika. Akasema nina mdomo mchafu. Mume wangu aliniomba nimheshimu dada yake.

Basi nikatunga sheria: binti yangu hali kitu nje ya mkono wangu. Sheria ilimlinda tumbo, lakini iliniumiza vibaya upande mwingine. Watoto wa kwetu hula pamoja, mikono yote ndani ya sinia moja, wanagombea nyama, wanasukumana, wanacheka. Wangu alikaa pembeni na kibakuli chake chenye mfuniko, mgongo ameuegemeza ukutani. Alipofika miaka sita aliniuliza siku moja, huku akichezea mfuniko ule, "Mama, mimi naambukiza?"

Nilimwambia hapana, huku nikimeza matusi ya watu ambao hawakuwepo.

Siku ileile niliamua kwamba Krismasi inayokuja, wakwe wakija kula kwangu, binti yangu atakula kwenye sinia moja na binamu zake. Sitampikia yeye chake. Nitapika kitu kimoja kitamu hadi kila mtoto akigombee, na ndani yake pasiwe na tone la maziwa. Sikutaka kingine chochote kutoka kwenye Krismasi ile.

Nikafikiria pai ya mama. Lakini mama alikandia unga wake kwa siagi, na kastadi ile ya kumwaga juu ya matunda aliipika kwa maziwa na mayai. Ilibidi nianze upya. Mafuta ya pamba nilikuwa nayo, kama kila nyumba ya ukanda ule. Unga ukikandwa kwa mafuta ya pamba yaliyo baridi na maji ya mtungini, bila kuukanda sana, unaiva ukawa mwepesi wa kuvunjika. Mara ya kwanza niliukanda kwa hasira ukatoka mgumu kama soli, kuku wenyewe waliutazama tu. Ilinibidi nijifunze kuushika kwa upole, mimi ambaye mwezi ule hapakuwa na kitu nilichokishika kwa upole.

Ndani nilitia matobolwa. Hivyo ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikakauka, akiba ya kila nyumba ya Kisukuma. Nilivichagua makusudi. Nilitaka wakwe zangu waonje kitu chao wenyewe, wasipate pa kusema ni mambo ya mgodini. Nilivilowesha, nikavichemsha tena vikalainika, nikaviponda. Badala ya maziwa nilitwanga karanga mbichi, nikazikamua kwa maji ya moto nikapata tui zito. Sukari, chumvi kidogo, na mdalasini.

Mdalasini nilinunua kwenye duka la familia moja ya Kihindi pale mjini. Mama mwenye duka alinitolea magome marefu, akayavunja mbele yangu ili niyanuse, si ule unga wa kwenye pakiti unaonuka sanduku. Aliniuliza ninapika nini bila maziwa, nikamweleza habari za mtoto, tayari nimekunja uso nikisubiri lile neno. Hakulisema.

"Kwetu hatuli mayai," alisema. "Kwenu mtoto hali maziwa. Sasa shida iko wapi, dada?"

Nilitoka dukani macho yakiniuma. Mgeni wa watu ameelewa kwa kupima mdalasini tu, na shangazi wa damu ya mtoto, miaka mingapi, anamtegea.

Sikuwa na oveni Geita. Niliokea kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini: unaweka sahani ya bati yenye pai juu ya mchanga, unafunika, unapanga mkaa chini ya sufuria na juu ya mfuniko. Mkaa wa chini uwe mchache, wa juu uwe mwingi. Ukikosea, chini inaungua na juu inabaki mbichi. Siku chache kabla ya Krismasi niliijaribu ya mwisho. Nilipofunua, harufu ya mdalasini ilijaa uani, jirani akauliza nimeolewa upya nini. Binti yangu alikula kipande, akalamba vidole, akaomba tena. Nikamwambia, "Krismasi utaila na wenzako. Sinia moja." Alirukaruka mpaka kiatu kikamtoka.

Wifi alifika mapema kuliko wengine, mkesha wa Krismasi. Alikuja na kibuyu cha maziwa na kopo la samli aliyoitoa mwenyewe. Nilimpokea kwa heshima zote. Nilimwambia pilau la wageni alipike kwa samli yake, sina neno, lakini pai hizi zisiguswe, kwa sababu ndizo mtoto atakazokula na wenzake. Nilimwambia mbele ya mume wangu. Wifi alifunua kitambaa, akazitazama pai zangu.

"Kavu hivi?" alisema. "Mama atoke Kharumwa yote ile, awekewe mkate mkavu? Watasema ng'ombe zetu zimekufa."

"Wacha waseme, wifi. Zisiguswe."

"Haya, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nimesikia."

Krismasi yenyewe tulitoka kanisani, nikazikata pai nikazipanga kwenye sinia, nikaiweka mezani jikoni. Watoto walikuwa wameshanawa na kukaa kwenye mkeka chumba cha mbele, wangu katikati yao, si pembeni, katikati. Ndipo gari lililowaleta mama mkwe na wazee likasimama nje. Nilitakiwa kwenda kupokea. Mke wa nyumba ndiye anayepiga magoti, na wageni wanaona nani amepiga na nani hakupiga. Nilimwambia wifi asiwape watoto kitu mpaka nirudi, nikatoka; mume wangu alikuwa bado ndani anatafuta viti vya wazee.

Salamu za ukweni hazina haraka. Mwadela. Mwadela. Za nyumbani, za mvua, za pamba, za ng'ombe aliyevunjika mguu, za yule mzee aliyekuwa mgonjwa, ambaye alikuwa bado mgonjwa, na ugonjwa wake ukaelezwa wote. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kokoto, nimeinamisha kichwa, najibu kila salamu. Mkwe hanyanyukiwi kabla hajamaliza. Nilisikia watoto wanacheka ndani, nikafurahi. Naomba hilo lieleweke, kwamba nilikuwa nimepiga magoti pale nje na nimefurahi.

Halafu mtoto mmoja akapiga kelele.

Nilimkuta binti yangu amesimama katikati ya wenzake, mikono yote miwili shingoni. Midomo ilikuwa imeshafura. Kwenye sinia, vipande vya pai yangu vilikuwa vinang'aa, vimelowa, na samli imetuama pembeni. Sikumwona mtu mwingine. Nilimbeba, nikakimbia naye hadi barabarani. Mume wangu alikuja nyuma, akasimamisha pikapu ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, tukapanda nyuma sote watatu, na wifi akajirusha akapanda pia. Njia nzima nilikuwa nasikiliza ule mlio wa pumzi. Kila ulipokatika kidogo, nami nilikatika.

Hospitali walimchoma sindano, wakamwekea dripu. Nesi akauliza, "Amekula nini?"

"Pai aliyopika mama yake," wifi alijibu.

Nilimgeukia. Nadhani ningempiga, na sioni aibu kusema hivyo. Nesi alisimama katikati yetu akauliza tena, safari hii kwa ukali, pai ile ilikuwa na nini.

"Maziwa hakuna, nesi," wifi alisema, sauti imepungua. "Ni mafuta ya ng'ombe tu. Kuilainisha, wageni wasione aibu. Mafuta si maziwa."

Na kweli alikuwa anaamini. Hilo ndilo lililonipandisha wazimu. Miaka yote ile nimeeleza na kueleza, na kwake maziwa ni kile kinachokamuliwa kikanywewa, basi. Samli ni mafuta, unapaka mwilini, unamwagia mgeni chakula chake ili ajue unamthamini. Alikuwa amemwagia sinia ya watoto heshima ya ukoo mzima.

Mume wangu alimfokea. Sijapata kumsikia akipaza sauti mbele ya dada yake kabla ya hapo. "Nani alikutuma? Hukuambiwa? Nani alikutuma?" Wagonjwa walinyanyua vichwa. Wifi alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akajifunga kanga vizuri, akatoka nje akaketi chini ya dirisha. Mimi nilimshika mume wangu mkono. Nilijiambia, hatimaye. Hatimaye nina mtu upande wangu.

Mtoto alirudisha pumzi jioni ile. Usiku tulikesha naye, na kesho yake uvimbe ulishuka, akaomba maji. Tuliporudi nyumbani nilimwambia wifi kwamba kwangu asikanyage tena. Nilimwambia mbele ya mama yake mzazi, nimesimama, bila goti. Wazee walinung'unika, wakasema hawajaona mke wa namna hii. Mume wangu hakunikataza. Wifi alichukua kibuyu chake akaondoka, hakujitetea hata kwa neno moja, na mimi nikauhesabu ule ukimya wake kuwa ni kiburi.

Mwaka mpya ulipoingia, Jumamosi moja, niliamua kupika pai tena. Nilikuwa nimekasirika hata na pai yenyewe, naona nikiacha kuipika nitakuwa nimeshindwa. Nikaloweka matobolwa, nikakamua karanga, nikatwanga mdalasini mwenyewe. Ilitoka nzuri kuliko ile ya Krismasi. Nilimkatia binti yangu kipande, nikamwekea mezani. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, anatengeneza tochi ya mteja.

Mtoto aliinusa. Akaisogeza.

"Sitaki, mama."

"Unaogopa nini? Nimepika mwenyewe."

"Hata ile ulipika mwenyewe."

"Ile shangazi aliitia samli, mwanangu. Hii haina."

"Najua aliitia. Nilimwona. Nilikwenda jikoni kuchungulia."

Nilikaa. "Ulimwona? Sasa mbona ulikula? Si nimekufundisha?"

"Nilimwambia shangazi, mimi sili samli. Shangazi akamwangalia baba. Baba alikuwa amesimama mlangoni." Akasita, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, mara moja, vile mtu mzima anavyoitikia akikubali jambo dogo. "Baba akafanya hivi. Ndiyo nikala."

Hakuwa anashitaki. Alikuwa ananieleza, kama anavyoeleza mchezo.

Hasira yote niliyokuwa nimemwekea wifi ilinitoka palepale, na haikwenda mbali. Yule mwanamke hakujua. Alikosea kwa kutojua, na pale hospitali, alipoulizwa nani amemtuma, alimtazama mdogo wake aliyembeba mgongoni, akameza jibu lake. Lakini huyu wa kwenye kiti alijua. Alisimama mlangoni na maneno ya daktari kichwani, akapima mtoto wake upande mmoja na uso wa dada yake upande mwingine, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniacha nimshike mkono.

Nilikata kipande kingine nikakila mbele ya mtoto, chote. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Haya," alisema, akaivuta sahani yake. "Nitakula. Lakini siku zote uwe unaangalia wewe. Baba akiangalia peke yake, sili."

Baba yake alikuwa hapohapo, tochi imefunguka mapajani, na alisikia kila neno.